Mfarishi wa Viraka na Historia ya Watu Wasioandikwa

Neno kiraka halina heshima kubwa katika mazungumzo yetu. Mtu akivaa nguo yenye kiraka huonekana kuwa amepungukiwa. Kazi iliyofanywa bila ya mpango husemwa kuwa ni ya viraka viraka. Na mtoto wa shule huona haya kusimama mbele ya wenzake ikiwa suruali yake imetiwa kiraka gotini. Hata hivyo, katika sehemu kadhaa za dunia watu wa hali ya chini, na hasa wanawake, wamevifanya viraka kuwa nguo kamili. Hukusanya mabaki ya nguo mwaka mzima, kipande kwa kipande, wakayaweka katika kikapu au sanduku. Na wakati wa nafasi ukifika huyaunganisha yakawa mfarishi, yaani nguo nzito ya tabaka mbili au zaidi, ya kutandika au ya kujifunika wakati wa baridi. Katika insha hii tunakusudia kuitazama mifarishi hiyo kama ushahidi wa historia. Tunakusudia pia kuuliza ushahidi huo unasema nini na hausemi nini, maana juu ya hilo la pili yamesemwa mengi ambayo hayana msingi.

Yapo mambo mawili yanayotufanya sisi wa Afrika ya Mashariki, na hasa wa mwambao wenye joto, tujishughulishe na nguo ya baridi. La kwanza ni kwamba baadhi ya washonaji hodari wa mifarishi hii ni wajukuu wa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka upande wetu wa bahari. La pili ni kitambaa chenyewe. Kiraka, kabla ya kuwa kiraka, kilikuwa nguo. Na kabla ya kuwa nguo kilikuwa bidhaa iliyopimwa na kuuzwa. Historia ya bidhaa hiyo imepita katika bandari zetu na mabegani mwa wapagazi wetu. Tutaanza na bidhaa, ndipo tuwafuate watu.

Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akafika Unguja. Alitoka Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Merikebu za huko zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kizito na chenye kudumu, ambacho watu wa kwetu walikiita merikani kwa jina la nchi kilikotoka. Kitambaa hicho kilikuwa vazi na kilikuwa fedha. Mikono 4 ilifanya shuka, shuka 2 zilifanya doti, na jora zima ndilo lililofungwa katika mizigo ya wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Katika Ugogo misafara ilitoa hongo kwa nguo. Pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo. Watu nao walinunuliwa kwa nguo.

Sasa pamba ya merikani ilitoka wapi? Viwanda vya kaskazini ya Marekani havikulima pamba. Viliinunua kutoka majimbo ya kusini, kama vile Georgia na Alabama, ambako ilipandwa na kuchumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Basi mnyororo ulikuwa hivi: mtumwa alichuma pamba katika shamba la bwana wake, pamba ikafumwa Massachusetts, kitambaa kikavuka bahari mbili hadi Unguja, kikapanda bara juu ya bega la mpagazi, na huko kikawa sehemu ya bei ya mtu mwingine, ambaye yule mchuma pamba asingemwona kamwe wala kusikia jina lake. Hatusemi kwamba kila jora lilikwenda njia hiyo hadi mwisho. Tunasema kwamba njia ilikuwapo, na kila kituo chake kinajulikana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya mwaka 1861 na 1865, ndivyo vilivyoikata, na baada yake nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi. Jina la merikani likabaki, hata kitambaa kilipokuwa hakitoki tena Marekani.

Katika Unguja yenyewe, merikani isiyo na rangi na kaniki nyeusi ndizo zilizokuwa vazi la watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika utumwa waliziacha kaniki wakajifunga kanga zenye maua na rangi kali. Watazamaji wengine wa zamani waliliona jambo hilo kuwa ni kupenda anasa tu. Sisi twaliona kuwa ni tangazo: aliyevaa kanga hakuhitaji kumwambia mtu kwamba hana bwana. Msomaji na aliweke jambo hili akilini tutakapofika kwenye rangi za mifarishi.

Tuwafuate watu sasa. Safari ya watumwa kutoka Afrika kuvuka Bahari ya Hindi ni ya kale kuliko ile ya Bahari ya Atlantiki, ijapokuwa vitabu vyetu vya shule vimezoea kuipa ile ya Atlantiki kurasa nyingi zaidi. Huko Bara Hindi wazao wa Waafrika huitwa Wasiddi. Wachache wao walipata madaraka makubwa: Malik Ambar, aliyezaliwa Uhabeshi na kuuzwa mara kadhaa utotoni, alikuwa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar hadi alipofariki mwaka 1626, na ngome ya kisiwani ya Janjira ilikuwa chini ya ukoo wa Kisiddi hadi mwaka 1948. Habari za wakuu hawa zimeandikwa kwa sababu wakuu huandikwa. Wengi hawakuwa majemadari wala wakuu wa ngome. Walikuwa watumishi wa nyumbani, mabaharia, wachukuzi na vibarua, na habari zao hazikupata katibu.

Miongoni mwa hao wengi wapo Wasiddi wa wilaya ya Uttara Kannada, katika jimbo la Karnataka, upande wa magharibi wa India. Babu zao wengi waliletwa Goa na Wareno, hasa kutoka Msumbiji. Baadhi waliachwa huru, wengine walitoroka, wakapanda milima ya Ghats na kujificha katika misitu mipana iliyokuwa nje ya mipaka ya Wareno. Huko wakafyeka, wakalima, wakafanya kazi katika mashamba ya watu wenye ardhi. Leo wapo Wakristo, Waislamu na Wahindu; wanasema Kikonkani, Kikannada na Kiurdu; lugha za babu zao zimekwisha vinywani mwao. Mwaka 2003 serikali ya India iliwaingiza rasmi katika orodha ya makabila yanayostahili ulinzi wa kisheria. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya asili yao yahusiana na watu wa Afrika wasemao lugha za Kibantu. Kwa maneno mengine ni ndugu zetu, ingawa undugu wenyewe umepitia karne kadhaa za kutoonana.

Wanawake wa Kisiddi, hasa Wakristo na Waislamu, hushona mfarishi wauitao kawandi. Namna unavyoshonwa yastahili kuelezwa kwa makini, maana si kama fundi wa mjini angevyotarajia. Fundi aliyefunzwa kwa cherehani huunganisha vipande kwanza mpaka vifanye uso mmoja, ndipo atie tabaka za ndani na za chini. Mshonaji wa kawandi hutandaza kwanza nguo kuukuu iliyo kubwa, mara nyingi sari ya pamba, na hiyo ndiyo sakafu ya kazi yake. Huketi chini, akaanza ukingoni, katika pembe moja, akiweka kiraka juu ya sari, akikunja ukingo wake na kuushona hapo hapo kwa mshono wa bandi, sindano ikizama na kuibuka kwa hatua zilizo karibu sawa. Kiraka cha pili hukaa kando ya cha kwanza na kukikalia kidogo. Hivyo huzunguka nguo nzima kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, akielekea katikati. Akifika katikati kazi imekwisha: viraka, tabaka za ndani na sari vimeshikamana kwa mshono ule ule mmoja unaoonekana pande zote mbili.

Hakuna mchoro wa karatasi. Kiraka gani kifuate ni uamuzi wa mshonaji, na uamuzi huo hutegemea alicho nacho kikapuni siku ile. Shati la mume lililokwisha kwenye kola huwa bado zima mgongoni. Sketi ya shule ya binti aliyekua. Blauzi ya shangazi. Kipande alichopewa na jirani. Hupangwa vipande vikubwa, na juu yake huongezwa vidogo vidogo vya rangi kali, vyekundu, vya manjano, vya kijani, ili kuchangamsha. Baadhi ya Wakristo hutia alama ya msalaba, na baadhi ya Waislamu alama ya mwezi mwandamo. Lakini mkono wa kazi ni mmoja, na mgeni asiyeziona alama hizo hawezi kujua mfarishi umetoka nyumba ya dini gani. Mwisho hutiwa kitu kiitwacho phula, maana yake ua: vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu na kupandanishwa tabaka juu ya tabaka, vikashonwa katika pembe nne. Phula haiongezi joto wala nguvu. Lakini washonaji wenyewe husema kwamba mfarishi usio na phula uko uchi.

Kazi hii inafuata mwaka. Wakati wa kiangazi, shughuli za shamba zikipungua na jua likiwapo la kukaushia, ndipo sindano hushikwa zaidi. Na mfarishi huhitajiwa hasa kuanzia mwezi wa Juni, mvua kubwa zinapopiga milima ya Ghats na usiku wa msituni ukawa wa baridi na unyevu. Hapa kuna jambo ambalo mwalimu wa jiografia hapaswi kuliacha lipite. Mvua hizo huletwa na upepo ule ule tunaouita kusi. Ni upepo uliokuwa ukiyajaza matanga ya majahazi yaliyotoka mwambao wetu kwenda kaskazini na mashariki, yakiwa na boriti, pembe na, katika enzi hiyo ya dhiki, watu. Wajukuu wa waliosafirishwa katika njia hizo hujifunika viraka dhidi ya mvua ya kusi.

Twafika sasa kwenye swali gumu. Je, kawandi ni utamaduni wa Afrika? Jibu lililo tamu ni ndiyo. Mtu ataonyesha rangi kali, mpangilio usiofuata mistari iliyonyooka, na asili ya washonaji, kisha atatangaza kwamba roho ya Afrika imeshinda bahari na utumwa. Yapo maandishi yasemayo hivyo, na katika mkusanyiko wa insha za utamaduni wa taifa kama huu ingekuwa rahisi sana kuyakariri. Lakini Wasiddi hawaishi peke yao. Majirani zao wa Karnataka wasio na asili ya Afrika hushona mifarishi ya viraka. Huko Maharashtra iko godhadi. Wabengali wana kantha, nao husifiwa kwa nguo kuukuu zinazowekwa tabaka kwa tabaka na kushonwa kwa bandi. Na katika Sindh wanawake wa makabila mengi hushona ralli zenye rangi zinazowaka. Neno kawandi lenyewe lina jamaa katika lugha za huko. Tukichukua kila kilicho kizuri mkononi mwa Msiddi tukakiita cha Afrika, tutakuwa tumewanyima haki mara mbili: tumewasahau majirani waliowafundisha, na tumeisahau akili ya Wasiddi wenyewe, ambao walijifunza kazi ya ugenini na kuifanya yao.

Lipo jambo la asili ya Afrika ambalo halina shaka. Wasiddi wa Gujarati, kaskazini zaidi, hucheza ngoma katika ziara ya mtakatifu wao Bava Gor huko Ratanpur, na ngoma hiyo huitwa goma. Hapo neno letu limesimama wazi, limepoteza herufi moja tu. Mwanahistoria mwenye neno kama hilo mkononi hana haja ya kuitegemea rangi nyekundu ya kiraka. Na kwa kuwa ushahidi wa aina hii upo, tunaweza kuwa wakali zaidi kwa ushahidi wa aina nyingine.

Kwa maoni yetu, mfarishi wa viraka unasomwa vizuri zaidi tukiuliza maswali madogo. Kitambaa hiki kilikuwa nguo ya nani? Kilichakaa kwa kazi gani? Kilikuja kwa fedha, kwa zawadi, au kwa kutupwa na tajiri? Saa za kukishona zilitoka wapi katika siku ya mwanamke aliyekwisha kuteka maji, kupika na kulima shamba la mtu mwingine? Maswali haya hujibika. Tena hutuongoza hadi mahali pale ambako ule mnyororo wa merikani ulianzia, yaani katika mashamba ya pamba ya Alabama, maana huko nako wazao wa watumwa walishona.

Gee's Bend ni kijiji kilichozungukwa na Mto Alabama pande tatu. Mwaka 1816 mlowezi aitwaye Joseph Gee alifika huko na watumwa 18 akaanzisha shamba la pamba. Mwaka 1845 shamba likawa mali ya Mark Pettway, ambaye watumwa wake walitembea kwa miguu kutoka North Carolina. Utumwa ulipokwisha, watu walibaki pale pale wakilima kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na hadi leo wengi wao ukoo wao ni Pettway, jina la bwana. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwadai alituma watu wakachukua wanyama, zana na vyakula vya familia nyingi kwa kulipia deni. Nyumba zilikuwa za magogo, upepo ukipenya, na kuta zimebandikwa magazeti. Katika nyumba hizo mfarishi haukuwa pambo. Watoto walilala juu ya miwili na chini ya mitatu.

Wanawake wa Gee's Bend walikusanya mwaka mzima kilichosalia: magunia ya mbolea na ya unga, mashati, na zaidi ya yote nguo za kazi za shambani, suruali za jinzi zilizopauka kwa jua. Mtu akiitazama mifarishi hiyo ataona mraba wenye rangi iliyokoza katikati ya kitambaa kilichopauka. Hapo ndipo mfuko ulipokuwa. Mfuko ulibanduliwa, na kitambaa kilichokuwa chini yake hakikuwa kimeliona jua. Ataona pia duara hafifu palipokuwa na goti la mtu aliyepiga magoti katika pamba. Mwaka 1942 Missouri Pettway, akiwa mjane mpya, alizichukua nguo za kazi za marehemu mumewe, akazikata na kuzishona mfarishi. Na binti yake, aliyemsaidia, alieleza baadaye kwamba mama alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika penzi lake. Hatujui hati yoyote ya serikali iliyotunza jasho la mkulima huyo jinsi mfarishi ule ulivyolitunza.

Huko Marekani pia lile jibu tamu limekuwapo. Mwaka 1999 kilitoka kitabu kilichodai kwamba mitindo ya mifarishi ilikuwa alama za siri, iliyoanikwa uani ili kuwaongoza watumwa waliokuwa wakitoroka kwenda kaskazini. Hadithi hiyo ilipendwa mno na ikaingia madarasani. Wanahistoria walipoichunguza hawakuikuta katika masimulizi ya watu waliotoroka, na masimulizi hayo ni mengi. Twaelewa kwa nini ilipendwa: inamfanya mshonaji kuwa shujaa kwa kipimo tulichokizoea, cha siri na hatari. Lakini mwanamke aliyewakinga watoto wanane na baridi ya Januari kwa magunia ya mbolea hakuhitaji kuongezewa ushujaa wa kubuni.

Suala la malipo nalo lisipitwe. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani huko Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wenye picha za hadithi za Biblia na kuuonyesha mwaka 1886 katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu mmoja wa sanaa alitaka kuununua, akakataa. Mwaka 1891, shida ikiwa imemshika, aliuuza kwa dola 5, nusu ya bei aliyoitaja. Katika Gee's Bend na vijiji jirani kilianzishwa mwaka 1966 chama cha ushirika cha washonaji, Freedom Quilting Bee, katika siku za harakati za haki za raia, wakati ambapo kivuko cha mto kilikuwa kimeondolewa tangu mwaka 1962 na watu wa kijiji wakitaka kujiandikisha kupiga kura. Kivuko hicho hakikurudi hadi mwaka 2006. Ushirika uliingiza fedha, lakini maduka makubwa yalitaka mifarishi inayofanana, na wapo wanawake waliochukizwa kushona kwa kipimo cha mwingine. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji ilionyeshwa Houston kisha New York, ikasifiwa sana. Mwaka 2006 ikatiwa katika stempu za posta. Na mwaka 2007 baadhi ya washonaji wakaenda mahakamani wakidai kwamba hawakulipwa haki yao, mashauri yakamalizwa kwa mapatano mwaka uliofuata. Wasiddi wa Karnataka nao waliunda ushirika wao wa washonaji mwaka 2004, ili kawandi ziuzwe nje ya msitu. Mwenye kusoma historia ya vyama vyetu vya ushirika atayatambua matatizo yao bila ya kuelezwa.

Huku kwetu hatukuwa na sababu kubwa ya kushona mfarishi wa viraka, isipokuwa nyanda za juu zenye baridi. Lakini kazi ya kuunganisha haikuwa ngeni. Kanga yenyewe, kwa masimulizi yanayokubaliwa na wengi, ilianza katika karne ya 19 kwa wanawake wa mwambao kununua leso za kuchapwa zilizokuwa bado hazijakatwa katika jora, leso 6 kwa pamoja, kuzikata tatu tatu na kuzishona zikawa nguo moja pana. Wafanyabiashara walipouona mtindo huo ndipo wakaagiza nguo nzima yenye pindo na mji wake. Na mkeka je? Mwanamke wa mwambao husuka ukili katika nafasi yoyote anayoipata, akiongea na jirani, akingoja chungu kichemke, miyaa mingine ikiwa imetiwa rangi; ukili huviringishwa na kuwekwa, na siku ikifika huunganishwa ukingo kwa ukingo ukawa mkeka. Hesabu ya saa ni ile ile ya mshonaji wa kawandi. Ni saa zilizookotwa katikati ya kazi nyingine, nazo haziandikwi katika daftari lolote la uchumi.

Mwalimu atakayetaka kulifundisha somo hili anaweza kuanza na mabaki yaliyo chini ya cherehani ya fundi wa mtaani: vipande vya kitenge, vya khanga, vya sare za shule, ambavyo huishia kujaza mito au kutupwa jalalani. Wanafunzi wavitambue kimoja kimoja. Kipi kilifumwa wapi, kipi kilitoka katika robota la mitumba, kipi kilikuwa sare ya shule ambayo wao wenyewe walisoma. Ni zoezi la historia kamili, na halihitaji fedha.

Litakalowapa shida ni umri. Nguo ni shahidi asiyeishi muda mrefu. Kawandi hutumika usiku kucha, huanikwa, hufuliwa, hulaliwa tena, mpaka mshono ukakatika. Huko Gee's Bend mfarishi uliochakaa uliwekwa ndani ya mfarishi mpya ukawa tabaka lake la kati, na mingine ilichomwa ili moshi wake ufukuze mbu wakati wa kiangazi. Hivyo kazi za mikono ya bibi zao zimo ndani ya kazi za mikono yao, hazionekani, au zimekwenda na moshi. Mifarishi ya Harriet Powers inayojulikana kuwapo hadi leo ni miwili.